Usijaze Fomu Bado: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Kijana wa Singida Anayetaka Saikolojia

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, wapo vijana wa Singida wanaoandika saikolojia kwenye fomu kwa sababu moja kati ya hizi: wameipenda kwenye simu, au alama zao hazikutosha kuingia udaktari. Zote mbili ni sababu mbovu. Ya kwanza itaisha nguvu mwaka wa pili. Ya pili itakufanya umwone kila mgonjwa kama adhabu.

Saikolojia si kazi moja. Kuna anayekaa na mgonjwa wodini, kuna anayempima mtoto aliyefika darasa la nne bila kujua kusoma, kuna anayetafuta sababu ya wachimbaji wa zamu ya usiku kuumia, kuna anayewafundisha walimu watarajiwa chuoni. Hawa wamesoma vitu tofauti, wanalipwa na waajiri tofauti, na kila mmoja anachoka kwa namna yake. Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Kwa habari hii methali hiyo iacheni shambani, maana hapa jembe huchaguliwa, tena mapema.

Nimeandika kwa ukali, na nimekusudia.

USICHAGUE KWA FILAMU

Vijana wengi wakiulizwa wanataka tawi gani, hutaja saikolojia ya jinai. Wamemwona mtu kwenye filamu anamtazama muuaji usoni, anajua yote, kesi imekwisha. Utaratibu wa kwetu hauko hivyo. Mahakama ikitilia shaka akili za mshtakiwa, humpeleka kwenye hospitali ya akili achunguzwe, na jina linalotajwa zaidi ni Isanga, Dodoma, taasisi iliyo chini ya Mirembe. Ripoti inayorudi mahakamani ni ya daktari. Mwanasaikolojia anaweza kuwamo kwenye timu, akafanya mahojiano na vipimo, lakini hakuna anayemsubiri mlangoni na kamera.

Kama unachopenda hasa ni kesi, soma sheria. Kama moyo wako uko kwa mtoto aliyebakwa, au aliyekamatwa kwa wizi akiwa na miaka 13, kazi hiyo ipo na watu wanaitafuta. Iko kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Inafanyika kwenye benchi la mbao, mchana wa jua, bila muziki wa nyuma.

TOFAUTISHA DAKTARI NA MWANASAIKOLOJIA LEO, SI MWAKA WA TATU

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Amepita mchepuo wa sayansi wa PCB, amesoma udaktari miaka 5, amefanya mafunzo ya kazi hospitalini mwaka 1, kisha amerudi darasani miaka 3 kwa ubingwa. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa: anapima, anazungumza na mgonjwa kwa mpango maalumu wiki baada ya wiki, anafuatilia mabadiliko ya fikra na mwenendo. Wawili hawa wakifanya kazi pamoja mgonjwa anafaidika. Wakichanganywa, mgonjwa anazungushwa.

Kwa hiyo kijana wa mchepuo wa sanaa wa HGL anayeambiwa kwamba saikolojia ni njia ya nyuma ya kuwa daktari, anadanganywa. Na anayedhani shahada ya kwanza peke yake inamfanya mtaalamu wa saikolojia tiba, anajidanganya mwenyewe. Saikolojia tiba hutafutwa kwenye shahada ya uzamili, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na huambatana na muda mrefu wa kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi anayekukosoa. Hesabu miaka yote hiyo. Hesabu na kodi ya chumba Dar es Salaam.

TAZAMA PA KUTOKEA KABLA YA PA KUINGILIA

Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya miezi iliyopita. Usitafute neno mwanasaikolojia peke yake, utakata tamaa bure. Tafuta afisa ustawi wa jamii, mwalimu, mkufunzi wa chuo cha ualimu, afisa maendeleo ya jamii, afisa rasilimali watu. Soma sifa zinazotakiwa neno kwa neno. Halafu rudi kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uone ni shahada ipi inayokufikisha pale.

Hapo ndipo utaona kwamba Shahada ya Elimu katika Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni shahada ya elimu, na imejengwa kumpeleka mtu kwenye elimu. Ni shahada nzuri kwa anayeitaka. Anayeisoma huku anaota wodi atalalamika baadaye, na kosa halitakuwa la chuo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973 na iliyoko Kijitonyama, ni njia nyingine. Kijana anayetaka kufanya kazi na familia katika halmashauri ya Mkalama au Itigi aitazame hiyo kwanza, hata kama jina lake halina mvuto wa kuweka kwenye wasifu wa Instagram.

Uliza pia nani atakusajili, na kwa jina gani. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, inayoeleza nani aitwe nani. Popote utakapofanyia kazi, mtu akikuuliza unafanya hili kwa idhini ya nani, uwe na jibu la karatasi.

ANZA NA MKOA WAKO, JINA LA UTAALAMU LIJE BAADAYE

Hapa naomba ukae.

Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Singida, wanawake 31 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu 1998. Katika vijiji kadhaa vya Singida na Dodoma, sheria ilipobana, wembe haukuwekwa chini. Umri ndio ulioshushwa. Mtoto mchanga hachezewi ngoma, haalikiwi wageni, hana shule ambayo mwalimu atauliza mbona hajaja. Anakatwa ndani, na jirani hajui.

Sababu inayotajwa ni lawalawa, yaani muwasho na uchafu sehemu za siri za mtoto. Maradhi hayo hutibika kwa dawa na usafi. Lakini bibi aliyelelewa akiamini kwamba tiba yake ni kukata, atakata, kisha kidonda kitaoshwa kila siku kwa uangalifu ambao haukuwapo mwanzo, muwasho utakwisha, na sifa zote zitakwenda kwa wembe. Mwaka unaofuata anaitwa nyumba ya pili.

Sasa mpe kisa hiki mtaalamu wa kila tawi umwone anavyokishika. Wa saikolojia ya jamii atauliza kwa nini mama kijana asiyeamini lawalawa anakubali mtoto akatwe, na atagundua kwamba anamwogopa mama mkwe, na kwamba kila nyumba inadhani nyumba nyingine zote bado zinashikilia mila. Wa saikolojia ya afya atakwenda kliniki ya watoto amfundishe muuguzi namna ya kulizungumzia tatizo hilo na mama siku ya chanjo, kabla bibi hajalizungumzia. Wa saikolojia tiba atampokea mwanamke wa miaka 30 ambaye ndoa yake imejaa hofu na hajui ilianzia wapi. Wa elimu atakaa na walimu. Kisa ni kimoja, na kazi hizo nne hazifanani hata kidogo.

Jiulize ungeketi wapi. Usijibu haraka, wala usijibu kwa kutazama ipi inasikika ya heshima zaidi. Ukikwepa chumba chenye mwanamke anayelia, saikolojia tiba si yako, na si aibu. Ukichoshwa na mikutano ya kijiji inayoanza saa nne badala ya saa mbili, saikolojia ya jamii itakumaliza.

Na usidhani kuanzia ulipo ni udogo. Mary Ainsworth alifika Uganda 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Hakuwa na maabara. Alikwenda vijiji vya karibu na mji akiwa na mkalimani, akakaa na akina mama wa familia 26, akitazama mtoto anavyolia mama akiondoka na anavyotulia akirudi. Kitabu chake kilichapishwa 1967, na hadi leo wanaosoma makuzi ya watoto, London hata Tokyo, hukutana na jina lake. Utaalamu wake ulikomaa kwa kutazama kilichokuwa mbele yake.

USIIDHARAU SHULE

Ikungi iko shule ya msingi ya Mchanganyiko, wanakosoma pamoja watoto wasioona, viziwi, wenye ualbino na wasio na ulemavu. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Anarudi darasani na maziwa kifuani, na wenzake wanamnong'ona. Shule nyingi zinamtegemea mwalimu mmoja wa malezi, au wa ushauri na unasihi kama wanavyomwita siku hizi, ambaye bado ana vipindi vyake vya hisabati. Saikolojia ya elimu ina kazi hapa ya kumtosha mtu maisha yake yote. Haina utukufu, ina makaratasi mengi, na itakubidi uvumilie kikao cha bodi.

UKIVUTIWA NA MAHALI PA KAZI, ACHA KUTAFUTA KIBAO CHA MWANASAIKOLOJIA

Mgodi wa dhahabu wa Mang'onyi ulianza uzalishaji 2023. Wachimbaji wadogo wako Londoni na Sambaru. Viwanda vya kukamua alizeti hufanya kazi kwa zamu, na malori yanayopanda Mlima Sekenke usiku yana madereva wasiolala. Kote huko kuna maswali ya saikolojia: uchovu, ajali, ulevi, ugomvi wa zamu, namna ya kumchagua mtu kwa kazi inayomfaa. Ila mlango umeandikwa rasilimali watu, au usalama na afya mahali pa kazi. Soma saikolojia pamoja na fani hizo. Ukisoma peke yake utazunguka nje ya geti.

USIINGIE UNASIHI KWA KUWA WATU HUKUELEZA SHIDA ZAO

Kusikilizwa na marafiki bwenini si kipaji cha unasihi. Swali langu ni lingine: je, unaweza kunyamaza?

Singida mjini si Dar es Salaam. Mtu aliyekaa mbele yako Jumanne asubuhi utamkuta sokoni Alhamisi, na shangazi yako ndiye jirani yake. Ataogopa macho yako. Ukimsalimia kwa huruma iliyozidi, umeshamtangaza. Ukimweleza mkeo au mumeo kisa bila kutaja jina, mji huu utalipata jina kabla ya jioni. Asiyeweza kubeba siri za watu miaka na miaka bila kuzigusa asiwe mnasihi, hata kama ana shahada tatu.

Usimnasihi ndugu yako wa damu. Mpeleke kwa mwingine.

Na ujue mwisho wa siri uko wapi kabla hujaahidi siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mtu atakapokuambia alikunywa sumu ya kunyunyizia vitunguu akanusurika, hutakuwa na nafasi ya kwenda kusoma sheria. Isome sasa.

LUGHA

Jifunze lugha ya unayetaka kumsaidia, au umtafute mkalimani aliyefundishwa kutunza siri. Mama wa Ilongero anayezungumza Kinyaturu hatakuambia ana sonona. Atasema kichwa kinawaka, usingizi hakuna, moyo unakwenda mbio, mawazo hayakatiki. Mzee wa Kinyiramba atakuambia kwa mafumbo, na wewe uliyelelewa Kibaha utaandika kwamba hana tatizo. Kwa Wahadzabe wa Mkalama, karatasi yako ya maswali haina hata pa kuanzia.

Hapo hapo, usimpime mtu kwa kipimo ambacho hujui kilitungwa wapi na kwa watu gani. Mtoto wa mfugaji asiyewahi kushika penseli akishindwa mafumbo ya picha yaliyotungwa Ulaya, ulichopima ni penseli. Kijana anayependa hesabu na mwenye ukaidi wa kutosha kuvitengeneza upya vipimo hivi kwa watu wetu aende kwenye upimaji wa kisaikolojia. Tawi hilo halina watu, na vijana hawalitaji kwa sababu hawajui lipo.

USIMCHEKE MGANGA, WALA USIWE YEYE

Mgonjwa wako atakuwa amepita kwa mganga, kwa sheikh au kwa mchungaji kabla ya kukufikia. Muulize alikopita, usikilize, endelea. Ukimdhihaki, harudi. Ukianza kumwombea ili akuamini, umeacha kazi yako.

USISOME SAIKOLOJIA ILI UJITIBU

Wapo wanaokuja na jeraha: baba mlevi wa mtukuru na gongo, ndoa ya wazazi iliyovunjika kwa vurugu, kaka aliyefungwa kamba nyumbani kwa kuwa aliitwa kichaa. Jeraha linaweza kumfanya mtu awe mpole kwa wenzake. Linaweza pia kumfanya amwone baba yake kwa kila mgonjwa wa kiume. Tafuta msaada wako kwanza, kwa mtu mwingine, ukiwa mgonjwa na si mwanafunzi. Kisha uchague tawi. Aliyeumizwa na ulevi nyumbani na tayari amepona anaweza kufaa sana kwenye tiba ya uraibu, tawi linalokua nchini tangu Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni 2011, kwa maana dawa ile inahitaji mtu wa kuzungumza na mgonjwa. Aliyeumizwa na bado hajapona asikanyage huko.

NENDA UKAONE

Lutindi, kule Korogwe, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Mirembe ilianza 1927. Kutoka Singida hadi Mirembe ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ya Manyoni, na kuna familia zinazoisafiri barabara hiyo na mgonjwa aliyeshikwa mikono pande zote mbili. Kijana anayesema anataka saikolojia tiba na hajawahi hata kuomba ruhusa ya kuingia kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, anatania. Omba. Ukikataliwa, omba hospitali ya Makiungu, omba ya Mtakatifu Gaspari pale Itigi. Kaa siku kadhaa ukifanya chochote unachoelekezwa: kupanga mafaili, kusaidia kupokea wagonjwa. Usipige picha. Usiandike jina la mtu popote. Jioni jitazame: umechoka kwa namna gani? Kuna uchovu wa kazi unayoipenda na kuna uchovu wa kukinai, na mwili wako unaujua kila mmoja.

Ukiwa huko utajifunza pia kwamba mtaalamu mmoja hawezi kuwafikia watu zaidi ya milioni 2 waliohesabiwa mkoani kwenye sensa ya 2022. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Tangu 2006 amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi karibu na zahanati na kuzungumza na wenye msongo, kwa utaratibu uliopimwa. Mtaalamu wa namna hiyo hutumia muda mwingi kufundisha na kusimamia kuliko kukaa na mgonjwa mmoja mmoja. Kama hilo halikupendezi, lijue kabla.

MAWILI MAFUPI

Mzazi, usimchagulie. Wala usimcheke ukisema kazi ya kuongea na vichaa haina hela. Mwulize maswali ya ukurasa huu, moja baada ya jingine, kisha umnyamazie ajibu.

Kijana, mkopo wa Bodi hurejeshwa. Usikope miaka ya tawi ambalo umelichagua kwa sababu rafiki yako wa bwenini amelichagua.

KABLA YA KUBONYEZA TUMA

Chukua karatasi, uandike mistari mitatu. Wa kwanza: mtu ninayetaka kumhudumia ni yupi, ana umri gani, anaishi kata gani. Wa pili: nitakuwa nafanya nini naye saa nne asubuhi siku ya Jumatano. Wa tatu: nani atanilipa, na kwenye tangazo lake ameandika cheo gani. Ukiweza kujaza yote mitatu, jina la tawi utalipata bila kumuuliza mtu. Ukikwama hata kwenye mmoja, usijaze fomu mwaka huu. Tafuta kazi ya kujitolea mkoani, na uombe dirisha lijalo.